Kabla Hujamwambia Fundi Akate Springi

Leo nataka kuzungumza na mtu mmoja tu, ninyi wengine mkae mtusikilize. Mtu huyo amenunua pikipiki kubwa, zile za kilo 200 na ushee. Ameilipia, ameiosha, ameipiga picha. Sasa anaiogopa. Mbio zake hazimtishi hata kidogo. Kinachomtisha ni kusimama. Akiona taa nyekundu mbele moyo unamwenda mbio, anaanza kupapasa lami kwa ncha ya kiatu, na siku ncha hiyo ilipokosa lami ikapata shimo, mashine yote ililala ubavu. Wapita njia wakaja kuiinua huku wakimpa pole ambayo hakuitaka. Jirani yake, ambaye hakosi ushauri juu ya jambo lolote, amemwambia dawa ni moja: peleka kwa fundi, springi zikatwe, ishuke.

Nakusihi usikate kitu bado.

Springi ikikatwa inakuwa fupi, hilo halina ubishi. Lakini inakuwa pia ngumu zaidi. Chuma ni kilekile, unene ni uleule, ila mizunguko imepungua, na mizunguko iliyobaki ndiyo inayobeba kazi ya ile iliyotupwa. Basi umeipunguzia pikipiki nafasi ya kuzama na papo hapo umeifanya igome kuzama. Na ule mwisho uliokatwa kwa grenda haukai vizuri kwenye kiti chake, maana kiwandani ncha ya springi husawazishwa ili ilale bapa. Mtu mfupi mara nyingi ni mwepesi pia. Springi ya kiwandani tangu mwanzo ilikuwa nzito kwake, na sasa jirani anataka aongezewe uzito huo kwa hela yake mwenyewe.

Turudi nyuma kidogo, tuone urefu wa pikipiki hizi umetoka wapi, kwa sababu haukuwekwa kumkomoa mtu. Mwishoni mwa Desemba 1978 Mfaransa Thierry Sabine alianzisha mbio za magari na pikipiki kutoka Paris hadi Dakar, kupitia Sahara. Mshindi wa kwanza upande wa pikipiki, Cyril Neveu, alikuwa juu ya Yamaha XT500. BMW wakaleta R 80 G/S mwaka 1980, na mwaka uliofuata Hubert Auriol akashinda nayo. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa pikipiki waliyoipa jina la jangwa lenyewe, Ténéré, ile sehemu ya Sahara iliyoko Niger. Sasa gurudumu linalopita kwenye mawe na vilima vya mchanga kwa kasi linahitaji nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Ukiiongeza nafasi hiyo, injini inapanda, fremu inapanda, na siti haina budi kupanda nayo.

Ndiyo maana Ténéré 700 ya miaka hii, ambayo gurudumu lake la nyuma lina nafasi ya milimita 200 ya kucheza, ina siti iliyo milimita 875 kutoka ardhini. BMW R 1250 GS ina kilo 249 ikiwa imejaa mafuta, na siti yake iko milimita 850 ukiiweka chini, 870 ukiiweka juu. Africa Twin ya Honda ni hivyohivyo, 850 au 870. Ni watoto wa mbio zile. Swali ni kama wewe unavuka Ténéré, au unakwenda kazini Posta siku za wiki na Bagamoyo siku ya Jumamosi. Kama ni Posta na Bagamoyo, basi sehemu ya urefu huo umeilipia bila kuitumia, na kuipunguza si aibu wala si kuiharibu pikipiki. Mzozo wangu mimi ni juu ya namna ya kuipunguza.

Na kabla sijasahau: kuna wanaosema mtu mfupi hana biashara na mashine hizi. Watu hao wamtafute kwenye kumbukumbu Gaston Rahier, Mbelgiji, bingwa wa dunia wa motokrosi kwa pikipiki za 125 mwaka 1975, 1976 na 1977. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1.64. Mwaka 1984 alishinda Paris–Dakar, na 1985 akashinda tena, mara zote mbili juu ya BMW yenye silinda mbili zilizochomoza ubavuni, tangi limejaa mafuta ya kuvukia jangwa, siti iko kifuani. Miguu yake haikufika chini. Husimuliwa kwamba aliitia gia, akakimbia kando yake, akakanyaga silinda ile na kujirusha juu huku inatembea. Sikwambii uige hayo pale Ubungo. Nakwambia tu kwamba kuendesha na kugusa chini ni mambo mawili, na fundi anaweza kukusaidia katika moja tu.

Anza kwa kujipima. Urefu wa mwili wote si hoja. Watu wawili wenye mita 1.60 wanaweza kuwa na miguu tofauti kabisa. Vua viatu, simama ukutani, bana kitabu kigumu kwenye msamba, halafu mtu apime kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Tuseme umepata milimita 750, na siti ni 850. Usikate tamaa kwa kutoa 750 kwenye 850. Hesabu haiko hivyo, kwa sababu pikipiki itazama kidogo ukiipanda, viatu vya safari vina soli, na hukusudii kugusa kwa miguu yote miwili kwa pamoja. Upande wa pili, kuna kitu kinachokula urefu wa mguu ambacho hakimo kwenye karatasi za kiwandani, nacho ni upana wa siti.

Hapa naomba unielewe vizuri maana hapa ndipo penye faida kubwa kwa hela ndogo. Siti pana inatanua mapaja, na mguu uliotanuka ni mguu mfupi. Kaa juu ya gunia la mkaa, kisha kaa juu ya ubao uliosimamishwa kwa kimo kilekile: kwenye ubao utagusa chini, kwenye gunia utaning'inia. Kwa hiyo ukienda kwa fundi wa siti usimwambie "punguza juu". Mwambie apunguze kingo za mbele, kulia na kushoto, pale siti inapokutana na tangi, kwa kuwa hapo ndipo paja linapopita kwenda chini. Sehemu ya nyuma kidogo, ile mifupa ya makalio inapokaa, aiache nene.

Fundi anayejua kazi atakukalisha kwanza na kuchora kwa kalamu ya wino mzito mahali paja linapogusa. Atatoa pini za kitambaa moja moja, atakata sponji kwa kisu kirefu, kisha atasawazisha kwa msasa, atakukalisha tena, ataondoa kidogo, atakukalisha tena. Juu ya sponji atatandika nailoni nyembamba kabla ya kurudisha kitambaa, la sivyo mvua ya kwanza itaigeuza siti yako dimbwi. Ukiona fundi anataka kumaliza kazi hiyo huku wewe umekwenda kunywa chai, chukua siti yako uondoke. Na ukipata siti ya pili, hata iliyotumika, fanyia majaribio hiyo. Viwanda navyo huuza siti za chini: Africa Twin ukiifunga siti hiyo inashuka hadi 825, na ile BMW niliyoitaja hadi 820. Ni ghali, lakini umbo lake limeshapimwa na watu wenye vifaa.

Siti imekwisha, twende kwenye springi, lakini bila grenda.

Pikipiki hutoka kiwandani ikiwa imekazwa kwa ajili ya mtu fulani wa wastani, na mtu huyo wa wastani si wewe. Fanya hivi. Inua sehemu ya nyuma mpaka gurudumu lining'inie. Bandika kipande cha plasta kwenye mkia, juu ya ekseli, upime kutoka ekseli hadi kwenye plasta hiyo. Andika. Kisha ishushe, panda ukiwa umevaa helmeti na jaketi na begi lako la kila siku, mtu mmoja ashike usukani, mwingine apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi ambacho pikipiki inazama chini yako. Kwenye gurudumu lenye nafasi ya milimita 200, mafundi wengi hutaka tofauti hiyo iwe karibu na 60, yaani kama asilimia 30 hivi. Mtu wa kilo 50 na kitu anaweza kukuta inazama 35 au 40 tu. Zile milimita 20 na zaidi zilizobaki ni zako kwa haki, na hujazipata kwa sababu hakuna aliyeligusa tu lile ringi linalobana springi tangu pikipiki ilipotoka kwenye kasha.

Lilegeze, upime tena. Kazi hii haigharimu chochote zaidi ya spana na uvumilivu, na faida yake si urefu peke yake. Pikipiki iliyokazwa kupita uzito wa mwendeshaji inarukaruka kwenye lami mbovu, gurudumu haligandi barabarani, na mwenyewe anadhani hajui kuendesha. Ikiwa umelilegeza hadi mwisho na bado haizami, basi springi ni nzito kwako, agiza laini zaidi. Siku ukibeba abiria, likaze tena. Wengi husahau hilo.

Sasa tufike kwenye vyuma vya kushushia. Chini ya pikipiki nyingi za aina hii, kati ya shokapu ya nyuma na mkono unaoshika gurudumu, kuna vipande viwili vya chuma bapa vyenye tundu kila upande. Kwenye pikipiki nyingi ukiviondoa na kufunga virefu zaidi, nyuma inashuka. Ziko chache ambazo mpangilio wake ni kinyume, zinataka vifupi. Tofauti ya milimita chache kwenye chuma huwa milimita 20 au 30 kwenye gurudumu. Vinauzwa tayari, vinafungwa kwa muda mfupi, na ndiyo maana kila mtu huanzia hapo. Mimi ningevifikia mwisho.

Chuma kinabadilisha zaidi ya urefu. Kinabadilisha pia nguvu ambayo gurudumu linaisukumia springi. Mara nyingi nyuma inalegea, ukipita kwenye tuta na mzigo inagonga mwisho. Fundi anaikaza springi ili isigonge. Springi ikikazwa, pikipiki inapanda. Nimeziona pikipiki zilizozungushwa hivyo hadi faida yote ikaisha, mwenyewe akabaki na siti palepale ilipokuwa na nyuma ngumu isiyomsamehe kwenye shimo lolote. Tena gurudumu sasa liko karibu zaidi na tumbo la pikipiki. Kabla hujakubali kazi, fungua shokapu, inua gurudumu kwa mkono hadi mwisho wake, uangalie kama halitagusa madigadi, ekzosi au boksi la betri. Angalia pia cheni, kwa sababu ulegevu wake hubadilika mkono wa nyuma unapobadilisha pembe.

Jambo ambalo sitanii nalo ni kushusha upande mmoja. Nyuma ikishuka peke yake, zile shokapu za mbele zinalala zaidi. Pikipiki inakuwa nzito kukata kona, unaielekeza inataka kwenda moja kwa moja, na taa kubwa inamulika macho ya anayekuja mbele. Mbele ikishuka peke yake ni kinyume chake, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na ukifika kasi ya barabara kuu unaweza kuanza kutikisika mikononi. Kwa hiyo nyuma ikishuka, mbele ifuate kwa kiasi kinachokaribiana. Shokapu za mbele hushikwa na vibano viwili, cha juu na cha chini. Fundi hulegeza boliti, huyasukuma mabomba juu kwa milimita kadhaa, kulia sawa na kushoto, akipima kwa rula na si kwa jicho. Kisha ahakikishe kwamba shokapu zikizama zote, madigadi haitagonga rejeta wala kibano cha chini. Boliti zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki hiyo, maana zikizidishwa zinabana bomba na shokapu inakwama.

Halafu kuna stendi. Msikilizaji, ukisahau yote, stendi ya pembeni usiisahau. Ilikatwa kiwandani kwa kimo cha kiwandani. Pikipiki ikishuka, stendi imekuwa ndefu, nayo inasimama wima mno badala ya kuegemea. Upepo wa lori unatosha kuiangusha upande wa pili. Mtoto akiugusa usukani, inamlalia. Stendi kubwa nayo inageuka adhabu, maana kuipandisha pikipiki juu yake sasa kunataka uinue kimo kikubwa zaidi kuliko zamani. Kupata kipimo cha kukata stendi ya pembeni kuna njia rahisi: tandika vipande vya mbao chini ya magurudumu yote mawili, stendi ikiwa sakafuni, uongeze mbao hadi pikipiki iegemee kama ilivyokuwa mwanzo. Unene wa mbao hizo, na nyongeza kidogo kwa kuwa stendi imelala, ndio wa kuondoa. Ondoa pungufu kwanza. Kukata tena ni rahisi kuliko kuunga. Na mchomeleaji asichomelee stendi ikiwa kwenye pikipiki. Ifunguliwe ipelekwe peke yake, kwa sababu pikipiki za sasa zina kompyuta, na umeme wa kuchomelea hauchagui pa kupita.

Baada ya vyuma vyote hivyo bado kuna kitu ambacho hakiuzwi dukani, nacho ni mguu wa kuweka chini. Wengi wanataka nyayo zote mbili zilale bapa. Hakuna haja. Mguu mmoja uliolala vizuri unashinda ncha mbili za vidole. Unapokaribia kusimama, sogeza kalio moja nje ya siti, mguu wa upande huo unapata sentimita kadhaa papo hapo, mguu mwingine unabaki kwenye kikanyagio.

Ila mguu upi? Walimu wa Marekani husisitiza wa kushoto, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Kwao ni sawa, tena kwa sababu ambayo mara nyingi hawaitaji. Barabara hujengwa ikiwa imeinuka katikati ili maji yatiririke pembeni. Wao wanaendesha kulia, kwa hiyo upande wao wa kushoto ndio uliopanda, na lami inaufuata mguu. Sisi Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto: kushoto kwetu ndiko kunakoporomoka kwenda mtaroni, na mtu mfupi anayetii somo lile anaitafuta lami chini zaidi ya kila mtu. Kwetu jaribu wa kulia. Utashika kwa breki ya mkono, na wa kushoto utabaki kwenye gia. Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi wao wafuate Wamarekani. Na kwenye mwendo wa kutambaa, usukani ukiwa umekunjwa, hiyo breki ya mkono usiikamate ghafla. Pikipiki nyingi hulala pale pale, na mfupi kwa mrefu wanalaliwa sawa.

Wenye mifuko mirefu wana njia nyingine. Harley-Davidson walipotoa Pan America mwaka 2021 waliweka, kwenye toleo lake la juu, shokapu zinazojishusha zenyewe ukikaribia kusimama na kuinuka tena ukiondoka. BMW nao wakafuata kwenye R 1300 GS, siti inatoka 850 inakwenda 820 bila wewe kugusa spana. Ni kazi nzuri sana ya uhandisi. Nikiifikiria bei yake, narudi kwa fundi wangu wa siti.

Kama umeshashusha, funga uzi wa plastiki kwenye bomba la shokapu ya mbele, uendeshe wiki nzima kwenye njia zako za kawaida, na siku moja beba abiria na mzigo upite kwenye matuta. Uzi utakuonyesha shokapu ilizama hadi wapi. Nyuma, chungulia chini ya madigadi kama kuna alama za tairi. Mjulishe na mtu wako wa bima kwamba umebadilisha kitu, asije akakigeuza kisingizio siku ya ajali. Vile vyuma viwili vya awali, na siti ya awali, na kile kipande cha stendi, usimwachie fundi kwenye boksi lake la chuma chakavu. Vifunge kwenye mfuko pamoja na karatasi yenye vipimo ulivyoandika, uviweke ndani. Siku ukiiuza, mnunuzi anaweza kuwa na mita 1.85, na atakuuliza vilipo kabla hajataja bei.